Gavana na Jemadari katika Vita vya Tanga

Vitabu viwili vya Kijerumani, kimoja cha Gavana Heinrich Schnee (1919) na kingine cha Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi (1920), vyasimulia vita vile vile vya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Cha Lettow ndicho chenye sifa zaidi, na sababu si ushindi wake pekee. Lettow ajua kuandika. Masimulizi yake ni makavu, hayana mapambo, na msomaji hujikuta amekwisha kukubaliana naye kabla hajaulizwa.

Hapo ndipo pa kujihadhari. Kwa kanuni za koloni, mamlaka ya juu ya kijeshi yalikuwa mikononi mwa gavana. Mwezi wa Agosti 1914 upande wa Schnee uliafikiana na Waingereza kwamba Dar es Salaam na Tanga zisiwe viwanja vya vita, kwani miji isiyo na ngome haihimili mizinga ya manowari. Lettow aliyaona mapatano hayo kuwa kikwazo. Tarehe 2 Novemba meli za Waingereza zilipofika Tanga na askari wapatao 8,000, yeye akiwa na 1,000 hivi, aliamua kupigana. Akashinda, akateka bombom 16, na tangu hapo neno la gavana likapungua uzito.

Msimulizi hodari hujua pa kupita upesi. Maagizo ya kuuepushia mji mizinga Lettow ayataja kwa maneno machache, kisha huyoo, ameingia vitani, ambako kila kikosi kina nafasi yake. Watu wa Tanga hawana nafasi hiyo. Basi msomaji ataipimaje hoja ya gavana, ikiwa waliokuwa wakikingiwa mizinga hawaoni? (Wala Schnee asifanywe mtetezi wa wenyeji: alichokilinda ni koloni, naye aliandamana na jeshi hadi liliposalimu amri huko Abercorn, Novemba 1918, baada ya wapagazi maelfu kufa njiani.)

Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, katika utenzi wake wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, aliwapa watu wa pwani majina na ndimi. Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives (2020), amerejea katika vita vya Lettow kwa mlango huo huo. Humo chuki za maofisa wa Kijerumani humfikia askari Hamza kwa umbo la pigo la upanga, na kilema chake akaenda nacho mpaka mjini.