Kuchapwa kwa sababu ya lugha hakumfanyi mtu kuwa mwalimu mwema

Husemwa kwamba aliyeonja ubaguzi utotoni hawezi kuwabagua wanafunzi wake. Hebu tuipime kauli hiyo kwa kitabu cha Gloria Anzaldúa, Borderlands/La Frontera, kilichochapishwa mwaka wa 1987.

Anzaldúa alizaliwa mwaka wa 1942 kusini mwa Texas, Marekani, karibu na mpaka wa Mexico. Alikulia kati ya Kiingereza, Kihispania na lahaja ya mchanganyiko iliyodharauliwa na pande zote mbili. Shuleni, alipopatikana akizungumza Kihispania wakati wa mapumziko, alichapwa vidole kwa rula. Chuoni, yeye na wenzake walilazimishwa kusomea matamshi, eti waondoe lafudhi yao.

Baadaye alifundisha Kiingereza katika shule ya upili, wanafunzi wake wakiwa Wachikano kama yeye. Alipotaka kuongeza kazi za waandishi wa jamii hiyo, mwalimu mkuu alimkataza. Je, alinyamaza? La! Aliwaapisha wanafunzi watunze siri, akaziingiza hadithi na mashairi hayo kimyakimya, akijua fika kwamba angeweza kufutwa kazi.

Mpaka hapo kauli yetu inaonekana kushinda. Lakini tusiharakishe. Fimbo hiyo tunaijua hapa Kenya. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o anasimulia jinsi mtoto aliyenaswa akisema Gĩkũyũ alivyochapwa au kuvishwa kibao cha kumdhalilisha shingoni. Baadhi ya waliovishwa kibao walihitimu ualimu, kisha wakawavisha watoto wetu kibao kilekile! Naam, maumivu peke yake hayafunzi huruma. Wapo wanaoamini kwamba kiboko ndicho kilichowafikisha walipo.

Tofauti iko wapi? Kwa maoni yangu, iko katika kulitaja jeraha kwa jina lake. Anzaldúa hasemi kwamba alikosa adabu akarekebishwa. Anasema lugha yake ilishambuliwa. Mtindo wake nao unaibeba hoja. Anachanganya Kiingereza, Kihispania na maneno ya Kinahuatl, mara nyingi bila kutafsiri. Msomaji wa lugha moja hukwama, na kwa kurasa chache huketi kwenye dawati la mtoto asiyemwelewa mwalimu.

Kasoro ninayoiona ni kwamba darasa lenyewe limepewa sentensi chache mno. Wanafunzi wale waliapishwa, lakini sauti zao hatuzisikii. Mwalimu mtarajiwa anayetafuta mbinu za kufundishia atabaki na njaa.

Hata hivyo, kitabu hiki kinafaa kusomwa katika vyuo vyetu vya ualimu, ambako bado tunachekana kwa 'l' na 'r', au kwa 's' na 'sh'. Kila anayesomea kazi hii na ajiulize: nilichekwa lini kwa lafudhi yangu? Kisha ajiulize: nami nilimcheka nani? Swali la kwanza ni rahisi kujibu. La pili ndilo litakaloamua ikiwa kibao kitavuka kwenda kizazi kingine.