Kilemba cha Ukoka: Juu ya Maneno Marefu katika Kiingereza cha Kila Siku

Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Love's Labour's Lost, iliyopigwa chapa mwaka 1598, mshamba mmoja kwa jina Costard anamtania kijana mtumishi kwamba umbo lake ni fupi kuliko neno moja la Kilatini. Neno lenyewe ni "honorificabilitudinitatibus", nalo lina herufi 27. Utani huo hutamkwa mbele ya mwalimu na kasisi waliozoea kumwaga Kilatini hata katika mazungumzo ya kawaida. Shakespeare hakuhitaji kuyaeleza makosa yao. Alimpa mtu asiye na elimu neno refu kuliko yote, na papo hapo elimu ya wale wawili ikaonekana kuwa kilemba cha ukoka.

Tangu siku hizo Waingereza hawajaacha kulalamika juu ya maneno marefu yasiyo na haja. Hukereka waonapo "utilize" mahali pa "use", "commence" mahali pa "begin", "purchase" mahali pa "buy", na "methodology" mahali pa "method". Malalamiko hayo yana haki ndani yake, walakini yamechanganyika na chuki za bure kama mchele na chuya. Yafaa basi yachambuliwe.

Asili ya jambo hili ni historia ya lugha yenyewe. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana, na Kiingereza kikabaki kwa raia. Kilatini nacho kilikuwa lugha ya kanisa na ya vitabu. Kutokana na hayo, jambo moja aghalabu lina majina matatu kwa Kiingereza: "ask" ni la wenyeji, "question" lilitoka Ufaransa, na "interrogate" lilitoka katika Kilatini. Neno la kwanza ni la nyumbani. La mwisho lanukia chuo na ofisi. Katika karne ya 16 waandishi walizidi kuingiza maneno ya Kilatini na Kiyunani, hata wapinzani wao wakayabandika jina la "maneno ya pembe ya wino", kwa kuwa yaliaminika kumpotezea mwandishi wino mwingi.

Mmoja wa wapinzani hao alikuwa Thomas Wilson. Katika kitabu chake cha mwaka 1553 juu ya ufasaha, alitia barua ya mzaha iliyojazwa maneno ya namna hiyo ili yachekwe. Ajabu ni kwamba baadhi ya maneno hayo, kama "celebrate" na "dexterity", leo hakuna anayeyacheka, hali mengine, kama "ingent", yamekufa kabisa. Ugeni wa neno na urefu wake havikutosha kuamua hatima yake. Neno lililopata kazi ya kufanya lilidumu, na lililokosa kazi likaachwa.

Kuna waliokwenda mbali zaidi, wakataka kuyafukuza maneno ya kigeni yote. Sir John Cheke, alipofasiri Injili ya Mathayo katika karne ya 16, aliandika "gainrising" mahali pa "resurrection". William Barnes, mshairi wa Dorset, alichapisha mwaka 1878 kitabu cha sarufi ambamo sarufi yenyewe aliiita "speech-craft" badala ya "grammar". Hapa ndipo hoja inapojikwaa. "Grammar" lina silabi mbili na herufi saba. "Speech-craft" lina silabi mbili pia, lakini herufi zake ni 11. Aliyedhani anatetea ufupi na uwazi kwa hakika alikuwa akitetea nasaba. Nasaba ya neno si kipimo cha uwazi wake. Lililo wazi ni lile ambalo wasemaji wamelizoea.

Katika karne ya 20 hoja hii ilipata watetezi wenye busara zaidi. Ndugu wawili, H. W. na F. G. Fowler, katika kitabu chao cha mwaka 1906, walishauri neno fupi litangulizwe mbele ya refu, na neno lijulikanalo mbele ya lile la kutafutwa mbali. Mwaka 1946 George Orwell aliandika makala juu ya siasa na lugha ya Kiingereza. Kanuni yake moja ni kwamba neno refu lisitumiwe mahali ambapo fupi latosha. Wengi wanaoirudia kanuni hiyo husahau sharti lake, yaani lile fupi lazima litoshe. Tena Orwell hakuogopa urefu kwa ajili ya masikio tu. Alionyesha jinsi "pacification" linavyoweza kufunika habari za vijiji visivyo na ulinzi kupigwa mabomu. Kosa la neno kama hilo si wingi wa silabi zake, bali ni kuwaondoa waliouawa katika sentensi.

Ikiwa sharti ni kutosha, msomaji atajuaje kwamba neno fupi latosha? Msomi wa Kiswahili ana kipimo ambacho Mwingereza asiyejua lugha ya pili hana, nacho ni tafsiri. "Use" ni kutumia. "Utilize" nalo, katika barua nyingi za ofisi, ni kutumia vile vile. Silabi zimeongezeka, maana haikuongezeka. Lakini "ask" ni kuuliza, na "interrogate" ni kuhoji: polisi humhoji mshukiwa, ila mgeni huuliza njia. Hapa neno refu limelipa kodi yake. Kadhalika "method" ni njia ya kufanya kazi, na "methodology" kwa asili ni elimu ya kuzichunguza njia hizo. Mwanafunzi aandikaye "methodology" juu ya maelezo ya jinsi alivyohesabu majibu ya wahojiwa ameahidi falsafa, akatoa hesabu.

Hata hivyo kipimo hiki si hakimu wa mwisho. "Begin" na "start" yote mawili huwa kuanza, lakini Mwingereza husema "start" kwa kuwasha gari, wala hathubutu kusema "begin". Na wataalamu wa lishe wasemapo mwili "utilizes" madini ya chuma, hutaka kueleza jinsi mwili unavyoyageuza kuwa ya manufaa. Tafsiri humwonyesha msomaji mahali pa kushuku. Baada ya hapo hana budi kuitazama sentensi nzima.

Kwa kipimo hicho, baadhi ya chuki mashuhuri huonekana hazina msingi. Waingereza huwacheka Wamarekani kwa kusema "burglarize" badala ya "burgle", kana kwamba la pili ni la mababu. Yote mawili yalizuka katika karne ya 19 kutokana na "burglar". "Preventative" hulaumiwa kuwa "preventive" lililovimba, nalo limetumika tangu karne ya 17. Lawama za jinsi hii huhusu desturi ya jirani, si maana.

Limebaki swali la nani alaumiwe. Mtu wa kisomo kidogo aandikaye "commence" katika barua ya kuomba kazi hafanyi hivyo kwa majivuno. Anaogopa kudharauliwa, na ameona kwamba wenye mamlaka huandika hivyo. Kumcheka ni kumpiga mwanafunzi na kumwacha mwalimu. Sir Ernest Gowers alilitambua jambo hilo. Kitabu chake Plain Words, cha mwaka 1948, kiliandikwa kwa ombi la Hazina ya Uingereza, na wasomaji aliowalenga walikuwa watumishi wa serikali. Mwaka 1979 Chrissie Maher alisimama katika Parliament Square, London, akazikatakata hadharani nyaraka za serikali zisizoeleweka, na chama cha kutetea Kiingereza cha wazi kikaanza. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuzitaka idara za serikali kuu ziwaandikie raia kwa lugha iliyo wazi. Watu hao hawakushughulikia ladha ya lugha peke yake. Fomu ikimtaka mjane "terminate" mkataba, naye asijue kwamba anaambiwa auvunje, hasara ni ya mjane. Aliyeiandika fomu hapotezi kitu.

Basi malalamiko juu ya maneno marefu ni ya haki yanapoelekezwa kwa mwenye nguvu anayemficha msomaji jambo linalomhusu. Yakielekezwa kwa mnyonge anayejaribu kuvaa nguo za wakubwa, yamekuwa majivuno mapya yanayojisifu kwa ufupi. Costard alijua mahali pa kuuelekeza utani wake: alilitwaa neno la wanavyuoni, akawarudishia mbele ya watu.