Kozi ya seli: tulikariri majina ya vyumba, hatukuuliza ukuta ni wa nini

Ndugu na dada wa promosio zote, leo sikuje kusifu. Nakuja kukosoa kozi moja ambayo karibu wote tuliopita agronomia, biolojia, udaktari na tiba ya wanyama tuliibeba mwaka wa kwanza: biolojia ya seli. Mimi niliipata 16 juu ya 20. Mutaona hapa chini ile 16 ilikuwa na uzito gani.

Miaka mitatu kisha diploma nilikuwa na kikundi cha wamama wakulima wa mihogo, huku kwetu Kivu. Nilikuwa naeleza mambo yangu ya agronomu: mita moja kwa mita moja, vijiti safi visivyo na mozaiki. Mama mmoja mzee akanyoosha mkono. « Agronomu, mwanangu, weye ulisoma. Mihogo michungu tunaiwekaka mu maji siku tatu. Bibi yangu alifanya vile, mama yangu vile. Sasa mwenye kununua anatuambia siku moja inatosha, eti soko haingojee. Juu ya nini siku tatu? » Nikajibu: « Juu ya kutoa sumu, mama. » Akauliza tena: « Ile sumu inatokaka wapi, na inaendaka wapi? »

Nikanyamaza. Wamama wakacheka kidogo, kwa heshima. Mimi sikucheka.

Usiku nikafungua silabusi yangu ya zamani. Vakuoli ilikuwamo, ukurasa wake mzima. Ukuta wa seli ulikuwamo. Mitokondria ilikuwamo, na mchoro ambao niliuchora vizuri siku ya mtihani. Vipande vyote vya jibu vilikuwamo, lakini hakuna hata sentensi moja iliyoviunganisha. Hiyo ndiyo lawama yangu, na naomba muisikilize mpaka mwisho.

Jibu ni hili. Seli ya muhogo inatunza kitu kinaitwa linamarini ndani ya vakuoli. Enzimu ya kukivunja, linamarazi, inakaa inje, zaidi ku ukuta wa seli. Seli ikiwa nzima, hawa wawili hawakutani, na hakuna kinachotokea. Mbuzi akiuma jani, ao mama akitwanga, vyumba vinapasuka. Enzimu inakuta linamarini, inaivunja, na mwishoni sianidi inatoka. Ni silaha ya mmea: mmea hautembee na sumu mkononi, unaweka baruti chumba kimoja na kiberiti chumba kingine.

Sasa angalia jikoni. Muhogo ukilowa, unalainika polepole, bakteria wa mu maji wanasaidia kufungua seli, na linamarini inaendelea kuvunjwa. Seli hazifunguke zote kwa mara moja, ndiyo maana siku moja haitoshi. Sianidi yenyewe inachemka kwenye digrii 26 hivi, kwa hiyo inaenda na hewa, ingine inabaki mu maji tunayomwaga, na jua la kuanikia linamaliza kazi. Sombe ni vilevile: kuitwanga mbele ya kuipika si kwa kulainisha tu, ni kufungua seli. Lakini ukichukua muhogo mchungu mzima ukautia moja kwa moja mu maji ya moto, moto unaharibu enzimu mbele haijafanya kazi, na linamarini nyingi inabaki ndani. Mpishi anafikiri moto umemaliza sumu, kumbe moto umeua mfanyakazi aliyekuwa aiondoe.

Na ile sumu inaumaka wapi? Mu mitokondria. Sianidi inafunga hatua ya mwisho ya mnyororo wa kupumua: oksijeni iko, lakini seli haiwezi kuitumia. Ku mtihani niliandika « kompleksi ya nne », nikapata pointi mbili. Hakuna aliyeniambia kama kompleksi ya nne inahusu miguu ya watoto wa inchi yangu. Konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa, iliandikwa na daktari Trolli mwaka 1938 kule Kwango. Miguu inakazana kwa gafula na hairudie hali yake. Inashika zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa, pale watu wanapokula mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri, bila maharagi wala samaki ya kutosha. Samaki na maharagi vinaingia hapa kwa sababu mwili unatumia salfa ya protini kugeuza sianidi kuwa kitu kisicho kikali, kinachotoka na mkojo. Vakuoli, ukuta, enzimu, mitokondria: kozi mzima iko mu sahani moja.

Silabusi yangu ilikuwa na mstari huu: « Lizosomu: De Duve, 1955. » Basi. Kumbe habari yenyewe ni tamu. Christian de Duve alikuwa Louvain, akipima enzimu za maini ya panya juu ya kuelewa insulini. Enzimu moja ilionekana kidogo kuliko alivyotazamia. Wakaacha vipimo mu frigo siku tano, wakapima tena, enzimu ikawa imepanda sana. Haikuongezeka: ilikuwa imefungiwa mu kifuko, na kifuko kilianza kuvuja. Hapo ndipo wazo la lizosomu lilianzia, na mwaka 1974 akapewa Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade. Muone: frigo yake na beseni ya yule mama vinafundisha somo moja. Maisha ya seli ni kutenganisha vitu. Ukijua hilo, majina yanakaa yenyewe mu kichwa.

Niwe wa haki. Profesa wetu alikuwa na oditwari ya watu zaidi ya 300, umeme wa kubahatisha, na mikroskopu moja iliyofungiwa mu kabati. Na sisi wanafunzi? Asista akianza kueleza, tulikuwa wa kwanza kupiga kelele: « Iko ya mtihani? » Tulitafuta maswali ya miaka iliyopita, hatukutafuta maana. Tena sisemi majina ni bure. Bila jina huwezi kusoma wala kuuliza. Ninachokataa ni utaratibu: jina linakuja kwanza, swali halikuje kamwe.

Kugeuza hivyo hakuombe mikroskopu. Chukua lengalenga nyekundu, gawanya majani mu glasi mbili: moja maji ya baridi, ingine ya moto sana. Ya baridi inabaki karibu nyeupe, ya moto inakuwa nyekundu, kwa sababu rangi ilikuwa imefungiwa mu vakuoli na moto umeharibu utando. Dakika tano, oditwari mzima inaona. Na ku mtihani, pahali pa « taja sehemu za seli », weka hili: « Mama amelowesha mihogo michungu siku moja pahali pa tatu. Eleza nini kimebaki mu seli, na kinaweza kufanya nini mu mwili wa mtoto. » Mwenye kukariri tu atashindwa. Mimi na 16 yangu ningeshindwa.

Nilirudi kwa wale wamama na glasi zangu mbili. Yule mzee akaangalia maji mekundu, akakaa kimya, kisha akasema: « Kumbe kinu ndiyo inafunguaka mulango. » Akageukia wenzake: « Basi mwenye kununua atangojea siku tatu. »

Weye uliye asista leo, ao utakayekuwa kesho: wiki ijayo ukiingia mu oditwari, anza na swali la yule mama. Mchoro utakuja nyuma.