Santuri Tatu za Kelele

Yamkini, msomaji, umepata kuambiwa kwamba muziki ni sauti zilizopangwa zikapendeza sikio, na kelele ni sauti zisizopangwa zikaliudhi. Maelezo hayo nilifundishwa chuoni nilipokuwa nikisomea ualimu, nami nimeyafundisha miaka kadhaa bila kuyauliza swali. Sasa nayatilia shaka, na walionitia shakani ni vijana watatu wa Kenya ambao santuri zao nataka kuzipima mbele yako.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1913 mchoraji wa Kiitalia, Luigi Russolo, aliandika waraka akidai kwamba masikio ya watu wa mijini yamekwisha kuzoea mashine, kwa hiyo mashine nazo zipewe nafasi katika muziki. Mwaka 1948 Mfaransa Pierre Schaeffer alinasa milio ya magarimoshi, akaikata na kuiunga upya ikawa utungo. Wengi huanza hadithi kwa huyo. Lakini mwaka 1944 Mmisri Halim El-Dabh alikuwa amekwisha kuchukua chombo cha kunasia sauti kwenye waya, akanasa nyimbo za ngoma ya kupunga pepo iitwayo zar mjini Cairo, kisha akazigeuza kwa mitambo hata sauti za watu zikawa mvumo mtupu. Basi mtu akikwambia kuwa mambo haya hayamhusu Mwafrika, mtajie Cairo. Jina la muziki wa viwanda lilikuja baadaye, pale kundi la Kiingereza, Throbbing Gristle, lilipoanzisha kampuni yake ya Industrial Records mwaka 1976.

Nami nakaa Salgaa, ambako hakuna haja ya kumweleza mtu kelele za mashine ni nini. Malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda na Kongo hulala hapa kwa safu. Usiku injini hunguruma, breki za upepo hupiga chafya, na utingo huzunguka na kipande cha chuma akigonga tairi moja moja na kutega sikio, kwani tairi lililojaa lina mlio wake na lililopungua lina wake. Wanafunzi wangu hutambua lori tupu na lori lenye shehena kabla hawajaliona. Tena wanajua jambo moja ambalo mgeni halijui. Lori lingurumalo likiteremka kutoka Sachangwan halimwogopeshi mtu, maana dereva amelizuia kwa gia. Liogopwalo ni lile lililonyamaza, ambalo dereva ametoa gia ili aokoe mafuta, likawa linakuja kwa mvumo wa matairi na upepo tu. Barabara hii imekula watu wengi. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 31 Desemba 2017 pekee walikufa 36. Masikio yaliyolelewa hapa ndiyo niliyoyatumia kuzisikiliza santuri hizi, nawe uyakumbuke unaposoma hukumu yangu.

Ya kwanza yaitwa Duma, nalo ndilo jina la wawili walioipiga, Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi. Usimfikirie mnyama mwenye mbio. Neno wamelitoa katika Kikuyu, na maana yake ni giza. Ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Khanja haimbi, hupiga mayowe. Na nyuma yake zipo ngoma za mashine ziendazo kasi ambayo mikono ya binadamu haiwezi kuifuata, pamoja na magitaa yaliyokwaruzwa hata hayajulikani kuwa magitaa. Mara ya kwanza niliizima kabla ya kufika wimbo wa tatu. Mara ya pili niliimaliza, nikakiri kwamba wawili hawa hawabahatishi: mayowe hukatwa mahali pake, na ngoma hubadili mwendo wakati ule ule sikio linapoanza kuzizoea. Walakini santuri hii ina kosa la msimuliaji anayepaza sauti tangu neno la kwanza. Hofu ikianzia kileleni haina pa kupanda. Duma ni lori lingurumalo. Linatikisa madirisha, lakini sikusimama kutazama barabara. (Na usiipige bwenini usiku, ukamtia mwalimu wa zamu taabuni.)

Ya pili ni Peel, ya mwaka huo huo wa 2020, iliyotolewa na Editions Mego. Mtungaji wake hujiita KMRU, naye ni Joseph Kamaru, mjukuu wa Joseph Kamaru yule mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Wazee wakisikia jina hilo watangoja gitaa, na hawatalipata. Humu hamna ngoma wala maneno. Sauti zilizonaswa mahali mbalimbali zimevutwa zikawa ndefu na kulazwa moja juu ya nyingine, zikibadilika polepole kama kivuli cha mlima kitambaapo bondeni. Kipande cha mwisho, chenye jina la santuri, hupita dakika 20. Ni kizuri, nami nakipenda. Ila katika santuri hii sauti zimelainishwa mno, hata mahali zilipotoka pakapotea. Utingo hangeweza kulijua tairi lake humo.

Kosa hilo Kamaru mwenyewe amelisahihisha, nionavyo mimi, katika Natur, iliyotolewa na Touch ya Uingereza mwaka 2024. Alipohamia Berlin alistaajabia ukimya wa mji ule, yeye aliyekulia katika makelele ya Nairobi. Akachukua vyombo vinasavyo mawimbi ya umeme yatokayo katika mitambo, mawimbi ambayo sikio halisikii lenyewe, akayafanya yasikike. Hivyo ukimya wa mji ukaonekana kuwa si ukimya hata kidogo. Santuri nzima ni kipande kimoja kipitacho dakika 50, na si laini: hukwaruza, huzizima, hupasuka, kisha hushuka hata ukadhani imekoma. Hapo ndipo nilipoogopa. Ni ndefu kuliko inavyohitaji, na katikati nilichoka. Lakini kati ya hizi tatu ndiyo pekee ijuayo kwamba kinachonyamaza bado kinakuja.

Usiisikilize kwa spika ya simu, maana nusu yake haitasikika. Mimi niliisikiliza usiku kwa hedfoni. Mvumo uliposhuka nikadhani imekwisha, nikazivua. Nje lori lenye shehena lilikuwa likipanda polepole kwa gia ndogo, na ng'ambo ya barabara utingo mmoja alikuwa akigonga matairi. Nilipozivaa tena zilikuwa zimesalia dakika kumi na mbili.