Maria Clara na Wasomaji Wake: Suala la Jinsia katika Fasihi ya Ufilipino

Uhakiki mwingi wa kijinsia katika idara zetu huanza na kuishia katika kuhesabu: mwanamke amepewa sifa hasi ngapi, na chanya ngapi. Makala haya yanadai kwamba mbinu hiyo haitoshi. Taswira iliyoganda kuhusu mwanamke au mwanamume haitungwi na mwandishi peke yake. Wasomaji nao huitunga, na mara nyingine huitunga dhidi ya matini yenyewe. Mfano wetu ni Maria Clara, mhusika katika riwaya ya José Rizal, Noli Me Tangere, iliyochapishwa Berlin mwaka 1887.

Nchini Ufilipino jina hili limekuwa kipimo cha mwanamke kamili: mpole, mwenye haya, mtiifu kwa wazazi na kwa Kanisa. Hata vazi la heshima la kike limepewa jina lake. Aidha, tangu sheria ya mwaka 1956 ilipoagiza riwaya za Rizal zifundishwe shuleni na vyuoni, vizazi kadhaa vimekutana naye darasani. Mwandishi Carmen Guerrero Nakpil alimwona mhusika huyu kuwa balaa lililowapata wanawake wa nchi yake. Hasira yake inaeleweka. Swali ni nani anayestahili kuelekezewa hasira hiyo.

Tukiirejelea matini, tunakuta kwamba Maria Clara si binti wa Kapteni Tiago anayemlea, bali ni mtoto wa siri wa padri Damaso. Utiifu wake ndio unaomwangamiza. Ili kuificha aibu ya marehemu mama yake, anamkabidhi padri Salví barua ya mchumba wake, Ibarra, nayo inatumiwa kumtia Ibarra hatiani. Anaishia katika nyumba ya watawa, na riwaya inafungwa kwa fununu za mtawa anayelia juu ya paa usiku wa dhoruba. Sambamba naye yupo Sisa, mke wa mcheza kamari anayempiga, ambaye huvumilia yote hadi anaporukwa na akili kwa kuwapoteza wanawe. Riwaya inayowalipa wavumilivu kwa wazimu haiwezi kuwa inausifu uvumilivu. Rizal aliandika mashtaka. Wasomaji wakayageuza kuwa somo la unyago.

Hatusemi kwamba Rizal hana lawama. Desemba 1888, wanawake 20 wa mji wa Malolos walimwomba gavana mkuu ruhusa ya kufungua shule ya usiku ili wajifunze Kihispania. Februari 1889, Rizal aliwaandikia kutoka London, kwa Kitagalogi, akiwapongeza na kuwaonya wasiwafuate mapadri kama vipofu. Hata hivyo, katika barua hiyo thamani ya mwanamke bado inapimwa hasa kwa watoto atakaolilelea taifa. Wanawake waliodai elimu kwa ajili yao wenyewe wanajibiwa kama akina mama.

Wapo wanaoitetea taswira ya Maria Clara kwa jina la mila. Historia haiwaungi mkono. Kabla ya utawala wa Wahispania, uganga na uongozi wa matambiko ulikuwa mikononi mwa babaylan, ambao wengi wao walikuwa wanawake. Na miongoni mwao walikuwamo wanaume waliovaa na kuishi kama wanawake, walioitwa asog katika visiwa vya Visaya. Isitoshe, Kitagalogi, kama Kiswahili, hakitofautishi jinsia katika viwakilishi: siya ni yeye. Lakini sarufi isiyobagua haikuizuia jamii kubagua. Leo bakla, mwanamume ambaye utambulisho wake unahusishwa na uanamke, huelezwa kuwa ana pusong babae, yaani moyo wa kike. Mhakiki hana budi kuuliza: moyo wa mwanamke yupi? Pale ambapo uanamke umekwisha kufungwa katika haya na machozi ya Maria Clara, bakla naye hurithi pingu zile zile.

Jibu la kifasihi limetolewa na Lualhati Bautista katika Bata, Bata... Pa'no Ka Ginawa? (1988). Lea, mama wa watoto wawili wa baba tofauti, anakataa kuchagua baina ya kazi na malezi. Bautista hamfanyi malaika wala kahaba. Anamwachia makosa yake, na kwa njia hiyo anamrejeshea utu.

Funzo kwetu ni la kimbinu. Utendi wa Mwana Kupona nao umesomwa na wengi kama kanuni ya utiifu wa mke, ilhali ni sauti ya mama mgonjwa anayemwusia binti yake namna ya kuishi katika ulimwengu asioutunga yeye. Kabla ya kuishtaki matini, basi, tuwachunguze pia waliotufundisha kuisoma, na sisi wenyewe tunaoendelea kuifundisha.