Salongo si picha

Posho moja nilienda salongo kwenye mto Kimemi, hapa Butembo. Tulitoa matope na masashe tangu asubuhi, tukarundika yote pale pale pembeni ya maji, tukapiga picha, tukarudi nyumbani. Kisha siku mbili mvua ikanyesha. Lundo lote likarudi mtoni.

Sikosoi moyo wa kujitolea, nakosoa mpango. Kule Beni pia niliona miti ikipandwa kando ya njia bila uzio. Mbuzi waliimaliza, juu hakuna aliyepewa kazi ya kuichunga.

Tangu mwisho wa 2017 kuna dekreti ya serikali inayokataza masashe ya plastiki. Lakini sokoni bado tunafungiwa chumvi ndani ya sashe, na sisi wenyewe tunapokea. Njo maana kazi haiishi.

Mbele ya salongo ingine, tuulizane: chukudu ya nani itabeba lundo, na litapelekwa wapi? Nani atarudi kuangalia mwezi ujao? Kama hakuna jibu, majembe yabaki kwanza nyumbani. Mimi nitaomba chukudu ya baba mdogo. Wewe utaleta nini?