Mnara wa Hollar, Mashimo ya Tongoni

Wenceslaus Hollar alizaliwa Prague mwaka 1607. Mnara uliochongoka wa kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London, ulikuwa umeungua kwa radi tangu 1561. Hata hivyo, katika kitabu cha William Dugdale kuhusu kanisa hilo, kilichotoka 1658, Hollar anatuonyesha mnara ule ule umesimama, mzima.

Kazi yake ni ya bamba la shaba. Bamba hupakwa nta, msanii hukwaruza mistari kwa sindano, kisha asidi hula shaba palipokwaruzwa; wino hujazwa humo na karatasi hugandamizwa juu yake. Kwa mistari myembamba kama unywele, Hollar hulipa jiwe uzito. Uhodari huo unaonekana zaidi ndani ya kanisa, nguzo zikipangana safu kwa safu mpaka jicho lichoke. Kwenye mchoro mmoja aliandika kwa Kilatini kwamba anahifadhi kumbukumbu ya jengo linalongoja kuanguka siku yoyote. Mwaka 1666 moto uliliteketeza.

Mnara haunisumbui, kwa sababu maandishi ya mchoro yanasema wazi: hivi ndivyo kanisa lilivyokuwa zamani. Kinachonisumbua ni sakafu. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, askari wa Bunge waligeuza kanisa lile zizi la farasi. Hollar ameifagia sakafu ikawa safi, wala hasemi kama ameifagia.

Hapa kwetu swali hilo liko Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, kwenye njia ya Pangani. Tongo ni mahame, na ndivyo palivyo: gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa ya nguzo. Nguzo nyingi zimeanguka. Kwenye kuta zimebaki alama za mviringo palipopachikwa mabakuli ya kauri, ambayo hayapo tena.

Siku hizi kompyuta inaweza kuzisimamisha nguzo hizo zote kwa jioni moja, na picha itapendwa. Sina ugomvi nayo, mradi iandikwe kama Hollar alivyouandikia mnara wake. Ila mashimo yasizibwe kimyakimya. Shimo linatuambia bakuli lilikuwepo na kwamba halipo tena. Mchoraji akiliziba bila kusema, mjukuu wetu atapokea kaburi zuri lisilowahi kupotelewa na kitu, na hatakuwa na sababu ya kuuliza bakuli lilikwenda wapi.